Dola Bilioni 3 za Long Island City: Jinsi New York Ilivyoipata Amazon na Kuikosa

Tarehe 14 Februari 2019, miezi mitatu na siku moja tangu gavana wa jimbo la New York na meya wa Jiji la New York watangaze ushindi kwa pamoja, kampuni ya Amazon ilitoa taarifa kwamba haitajenga tena makao yake mapya katika mtaa wa Long Island City, eneo la Queens. Zilifutika ajira 25,000 zilizoahidiwa, na pamoja nazo vivutio vya kodi na ruzuku vyenye thamani ya karibu dola bilioni 3 ambavyo jimbo na jiji vilikuwa vimekubali kuvitoa. Waliounga mkono mpango huo walilalamika kwamba wanasiasa wachache wa mrengo wa kushoto wamewakosesha watu riziki, huku waliopinga wakishangilia kwamba kampuni ya aliyekuwa mtu tajiri kuliko wote duniani wakati huo imekosa fedha za umma. Pande zote mbili, kwa maoni yangu, zilirukia swali la pili kabla ya kulijibu la kwanza. La pili ni kama bilioni 3 zilikuwa nyingi mno. La kwanza ni kama kampuni ingekuja hata bila hizo, na kisa hiki kina ushahidi juu ya hilo kuliko visa vingi vya aina yake, kwa sababu majirani wa washindi waliahidi zaidi yao na bado wakashindwa.

Mashindano yalianza tarehe 7 Septemba 2017. Amazon, ambayo ilikuwa imekwisha kulijaza jiji la Seattle, lenye makao makuu yake, kwa majengo yake, ilitoa waraka wa wazi wa kuyaalika maeneo ya miji ya Amerika Kaskazini yenye wakazi zaidi ya milioni 1 kuomba kuwa wenyeji wa makao makuu ya pili, kwa ahadi ya ajira zifikazo 50,000 zenye wastani wa mshahara unaozidi dola 100,000 kwa mwaka na uwekezaji wa zaidi ya dola bilioni 5. Waraka ulitaja mahitaji ya kawaida ya ofisi kubwa, yaani uwanja wa ndege wa kimataifa, usafiri wa umma, vyuo vikuu na wafanyakazi wenye ujuzi. Lakini ulieleza pia bila kumung'unya maneno kwamba vivutio vya kupunguza gharama za kuanza na za kuendesha shughuli vitakuwa na uzito mkubwa katika uamuzi. Hadi siku ya mwisho, tarehe 19 Oktoba, maombi 238 yalikuwa yamewasilishwa kutoka Marekani, Kanada na Meksiko.

Wiki hizo zilizaa vituko ambavyo vingekuwa vya kuchekesha tu kama visingefanywa kwa fedha na muda wa umma. Mji wa Stonecrest, jimbo la Georgia, ulijitolea kumega ekari 345 za ardhi yake na kuanzisha mji mpya utakaoitwa Amazon. Watu wa Tucson, Arizona, walituma Seattle mti wa mpungate wenye urefu wa futi 21, ukakataliwa kwa heshima na kuishia kwenye jumba la makumbusho la jangwani. Meya wa Kansas City alinunua bidhaa 1,000 kwenye tovuti ya kampuni na kuzisifia zote kwa nyota tano. Viongozi wa San Antonio ndio waliojitoa mapema, wakaandika barua ya wazi kwamba kugawa mali ya wakazi wao kwa kufumba macho si mtindo wao, na kwamba huenda Amazon ilikwisha kuchagua mahali inapopataka.

Nyuma ya vituko kulikuwa na ahadi nzito. Newark, jimbo la New Jersey, iliahidi dola bilioni 7, ambapo bilioni 5 zingetoka jimboni na bilioni 2 katika jiji lenyewe. Jimbo la Maryland liliandaa mpango wa dola bilioni 8.5 kwa ajili ya Kaunti ya Montgomery, ukijumuisha vivutio na ujenzi wa barabara na usafiri. Chicago ilipendekeza kwamba sehemu ya kodi ya mapato inayokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi wa Amazon irudishwe kwa Amazon yenyewe, mpango ambao kwa lugha nyepesi ungemfanya mfanyakazi amlipe mwajiri wake kodi. Fresno, California, ilitaka asilimia 85 ya kodi zitakazotokana na kampuni ziwekwe kwenye mfuko ambao kampuni ingekuwa na sauti katika matumizi yake. Hiyo ndiyo hoja ya mkono mtupu haulambwi, na hakuna meya aliyetaka kuulizwa baadaye kwa nini alikwenda mnadani mikono mitupu.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushangaa mji unapata wapi mamlaka ya kusamehe kodi kwa kiasi hicho. Nchini Kenya, Ibara ya 209 ya Katiba inaiachia serikali ya kitaifa pekee kodi ya mapato, VAT na ushuru wa forodha, na kaunti inabaki na kodi ya majengo, kodi ya burudani na ada za huduma. Nchini Tanzania kodi kubwa hukusanywa na TRA kwa ajili ya serikali kuu. Gavana wa kaunti au meya wa jiji huku kwetu hana cha maana cha kumsamehe mwekezaji mkubwa. Marekani ni tofauti, kwa kuwa majimbo mengi yana kodi zake za mapato na za mauzo, na serikali za mitaa huishi kwa kodi ya majengo, hivyo kila ngazi inaweza kupunguza cha kwake ili kumvuta mwekezaji kutoka kwa jirani. Umoja wa Ulaya una kanuni za kudhibiti misaada ya serikali kwa makampuni. Marekani haina kanuni ya namna hiyo baina ya majimbo yake, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyotokana na kiwanda cha magari ya Jeep huko Toledo, Ohio, iliamua kwamba mlipakodi wa kawaida hana haki ya kufungua shauri katika mahakama za shirikisho kupinga nafuu ya kodi iliyotolewa na jimbo.

Tarehe 13 Novemba 2018 Amazon ilitangaza kwamba itayagawa makao hayo mara mbili. Nusu, yaani ajira 25,000, ingekwenda Long Island City, na nusu nyingine Crystal City katika Kaunti ya Arlington, Virginia, ng'ambo ya Mto Potomac kutoka Washington. Nashville ilipewa kituo cha ajira 5,000. Baada ya miezi kumi na minne na maombi 238, washindi walikuwa jiji kubwa kuliko yote nchini na kitongoji cha mji mkuu wa nchi.

Hapo ndipo ushahidi niliousema unapoonekana. Newark iko upande wa pili wa Mto Hudson, katika soko lilelile la wafanyakazi linaloihudumia New York. Wahandisi wanaoishi eneo hilo wanaweza kufika pande zote mbili kwa treni. Newark iliahidi bilioni 7 ikashindwa na New York iliyoahidi chini ya nusu ya hizo. Kaunti ya Montgomery nayo ni kitongoji cha Washington kama ilivyo Arlington. Maryland iliahidi bilioni 8.5 ikashindwa na Virginia, ambayo malipo yake ya moja kwa moja kwa kampuni, kwa hesabu ya Amazon yenyewe, yalikuwa dola milioni 573. Mahali paliposhinda palikuwa na vitu visivyonunuliwa kwa msamaha wa kodi: Crystal City iko jirani na uwanja wa ndege wa Reagan kiasi cha kufikika kwa miguu, iko karibu na Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi, na ilikuwa na ofisi nyingi tupu tangu idara za jeshi zilipoanza kuhamishwa kufuatia uamuzi wa mwaka 2005. Long Island City ilikuwa na njia nyingi za treni na ipo kituo kimoja tu kutoka Manhattan. Mwanauchumi Timothy Bartik wa Taasisi ya Upjohn, aliyepitia tafiti nyingi za vivutio, anakadiria kwamba vivutio hubadilisha uamuzi wa kampuni katika visa kati ya asilimia 2 na 25 tu. Katika visa vilivyobaki kampuni ingekuja hata hivyo. Mashindano ya Amazon hayaendi kinyume na makadirio hayo.

Sasa tutazame kifurushi cha New York kwa karibu, kwa sababu mabishano mengi yalizuka kwa watu kusema "bilioni 3" kana kwamba ni kitu kimoja. Fungu la kwanza lilikuwa nafuu ya kodi ya jimbo chini ya programu ya Excelsior, dola bilioni 1.2 kwa miaka 10, sawa na dola 48,000 kwa kila ajira kati ya zile 25,000. Nafuu hiyo ni ya kurejeshwa, maana yake ni kwamba kampuni ikidaiwa kodi ndogo kuliko nafuu iliyopewa, jimbo huilipa tofauti kwa fedha taslimu. Kuiita msamaha ni kuipunguza uzito. Fungu la pili lilikuwa ruzuku ya dola milioni 325 kutoka jimboni, iliyohesabiwa kwa ukubwa wa majengo yatakayotumika. Mafungu mawili yaliyobaki yalitoka jijini: punguzo la kodi ya majengo chini ya programu iitwayo ICAP, lililokadiriwa kufika dola milioni 386, na nafuu ya programu ya REAP, ambayo huipa kampuni inayohamia nje ya kitovu cha Manhattan dola 3,000 kwa kila mfanyakazi kwa mwaka, kwa miaka 12. Hesabu ya REAP kila mtu anaweza kuipiga: 3,000 mara 12 ni 36,000, na 36,000 mara 25,000 ni milioni 900, karibu kabisa na milioni 897 zilizotajwa rasmi. Ukijumlisha yote unapata takriban dola bilioni 2.8, na ahadi nyingine za jimbo zilipoongezwa ndipo magazeti yalipoandika bilioni 3.

Tofauti kati ya mafungu haya ni ya msingi. ICAP na REAP hazikuwa zawadi ya meya Bill de Blasio. Ni haki ya kisheria ya kampuni yoyote inayotimiza masharti, na hata kama Amazon ingekuja kimyakimya bila kuzungumza na mtu, ingeweza kuzidai. REAP ilianzishwa mwaka 1987, wakati maeneo ya nje ya Manhattan yakihitaji kubembelezewa wawekezaji. Kufikia 2018 Long Island City ilikuwa imejaa majengo marefu mapya ya makazi na kodi za pango zilikuwa zikipanda kila kukicha, lakini sheria iliendelea kuwalipa wanaohamia huko kana kwamba bado ni magofu ya viwanda. Kama kuna mahali ambapo madiwani wangeweza kuokoa fedha za umma bila kugombana na mwekezaji mmoja, ni hapo, na ni sehemu ambayo katika ghasia zote za majira yale ya baridi ilizungumzwa kidogo kuliko nyingine.

Kwa hiyo wapinzani waliosema kwamba bilioni 3 sasa zitaajiri walimu na kutengeneza treni walikosea, kwa kuwa sehemu kubwa yake ilikuwa kodi ambayo isingekuwepo bila Amazon kuwepo. Lakini gavana Andrew Cuomo naye alikosea kwa upande mwingine. Makadirio ya jimbo yalikuwa kwamba mradi ungeleta mapato ya dola bilioni 27.5 kwa jimbo na jiji katika miaka 25, yaani dola 9 kwa kila dola 1 iliyotolewa, na uwiano huo ulirudiwa katika kila mkutano. Uwiano wa namna hiyo una maana pale tu ambapo mapato yote 9 yanatokana na ile 1. Ikiwa kampuni ingekuja bila Excelsior, basi 9 zingeingia hata hivyo na 1 imetolewa bure. Na ikiwa ardhi ile ya kando ya Mto East ingejengwa na wengine, basi sehemu ya zile 9 si mapato mapya. Gavana aliyewahi kutania kwamba angekubali kubadili jina lake awe Amazon Cuomo hakuwa katika nafasi nzuri ya kuuliza maswali hayo.

Namna mpango ulivyopitishwa ndiyo iliyouangusha. Mazungumzo yalifanyika chini ya mikataba ya kutunza siri, na madiwani na wawakilishi wa eneo walisikia masharti karibu wakati mmoja na umma. Kisha jimbo likachagua kutumia utaratibu wake wenyewe wa kuidhinisha mradi, unaoliruka Baraza la Jiji ambalo kwa kawaida hupiga kura juu ya mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Kuwaruka madiwani kuliondoa kikwazo, lakini pia kuliondoa meza ambayo watu wa Queens wangekaa na kudai masharti bora. Wakazi wa Queensbridge, mradi mkubwa kuliko yote ya nyumba za umma nchini Marekani, ulio mwendo mfupi kutoka eneo la ujenzi, walijikuta wakisoma kwenye mkataba uliokwisha kutiwa saini kwamba serikali itaisaidia kampuni kupata kibali cha kiwanja cha kutua helikopta. Gharama ya kiwanja hicho ingebebwa na Amazon na haikuwa chochote katika hesabu ya mabilioni, lakini kwa watu wanaobanana kwenye treni namba 7 kila asubuhi kilitosha kueleza mkataba ule uliandikwa kwa ajili ya nani.

Bado wananchi hawakuwa upande wa wapinzani kama inavyosimuliwa. Kura ya maoni ya Chuo Kikuu cha Quinnipiac ya Desemba 2018 ilionyesha asilimia 57 ya wapigakura wa jiji wakikubali ujio wa Amazon na 26 wakikataa. Walipoulizwa kuhusu vivutio, waligawanyika 46 kwa 44. Takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinasema jambo ambalo hakuna kiongozi aliyelishika: watu waliitaka kampuni, na karibu nusu yao hawakuona sababu ya kuilipa. Kulikuwa na nafasi ya kujadiliana upya. Katika kikao cha Baraza la Jiji cha tarehe 30 Januari 2019, mwakilishi wa Amazon aliulizwa kama kampuni itakaa kando wafanyakazi wake wakitaka kujiunga na chama cha wafanyakazi, akajibu kwamba haitafanya hivyo. Na katika jiji ambalo vyama vya wafanyakazi ndivyo vinavyowabeba wanasiasa, jibu hilo liliwapa wapinzani washirika waliokuwa bado wanasitasita. Siku chache baadaye, kiongozi wa walio wengi katika Seneti ya jimbo, Andrea Stewart-Cousins, alimpendekeza seneta Michael Gianaris wa Queens, mpinzani mkuu wa mradi, kuingia katika Bodi ya Udhibiti ya Mamlaka za Umma. Bodi hiyo, ambayo idhini yake ilitarajiwa kuhitajika kwa mradi, ina wajumbe watatu wenye kura na uamuzi wake lazima uungwe mkono na wote. Mradi ulioundwa ili usipite mikononi mwa madiwani 51 ukawa sasa unaweza kuzimwa na mtu mmoja. Siku kumi baada ya pendekezo hilo Amazon ikajiondoa.

Virginia ilipita njia nyingine, ingawa usiri wa mazungumzo ulikuwa uleule. Sheria ya vivutio ilitiwa saini na gavana Ralph Northam tarehe 5 Februari 2019, na Bodi ya Kaunti ya Arlington ikapiga kura ya kukubali tarehe 16 Machi baada ya kuwasikiliza wakazi, wakiwemo waliopinga kwa hofu ya kupanda kwa kodi za pango. Jimbo liliahidi dola milioni 550 kwa ajira 25,000 za mwanzo, sawa na dola 22,000 kwa kila ajira, chini ya nusu ya Excelsior, na malipo yangeanza miaka minne baada ya ajira kupatikana. Mchango wa Arlington, uliokadiriwa kuwa dola milioni 23, ulitokana na ongezeko la kodi ya vyumba vya hoteli peke yake: hoteli zisipopata wageni zaidi, kampuni haipati kitu. Fedha nyingi zaidi zilielekezwa mahali ambapo Amazon haiwezi kuzibeba ikiondoka, zikiwemo milioni 195 za usafiri, dola milioni 250 za jimbo kwa kampasi mpya ya chuo kikuu cha Virginia Tech mjini Alexandria, na mpango wa kutoa zaidi ya shahada 25,000 za ziada za sayansi ya kompyuta na fani za jirani katika miaka 20. Sisemi kwamba Virginia haikuilipa kampuni kwa jambo ambalo ingelifanya hata hivyo; huenda ililipa. Lakini ikiwa nguvukazi ndiyo iliyoivuta Amazon, kuwekeza katika nguvukazi ni kununua kitu kilekile ambacho mwekezaji mwingine yeyote angekitafuta.

Yaliyofuata New York yanasaidia kulijibu swali la kwanza, mradi yasitiwe chumvi. Desemba 2019 Amazon ilipanga ofisi ya futi za mraba 335,000 eneo la Hudson Yards, Manhattan, kwa ajili ya wafanyakazi zaidi ya 1,500, bila vivutio maalumu. Mwaka 2020 ilinunua jengo la zamani la duka la Lord & Taylor kwenye barabara ya Fifth Avenue na kutangaza kwamba litachukua wafanyakazi 2,000. Hawa si 25,000, na mtu anayesema jiji halikupoteza chochote anajidanganya. Hata hivyo ni kampuni ileile, miezi michache baada ya kuondoka kwa hasira, ikilipa pango la bei ya soko katika eneo la ghali kuliko Long Island City, kwa sababu wahandisi iliowahitaji waliishi pale.

Huko Arlington, majengo ya awamu ya kwanza yalifunguliwa mwaka 2023 na wafanyakazi wapatao 8,000. Machi ya mwaka huohuo, wakati makampuni ya teknolojia yakipunguza watu na wengi wakifanya kazi nyumbani, Amazon ilisitisha ujenzi wa awamu ya pili. Ruzuku ya jimbo ilifungwa kwenye idadi ya ajira, kwa hiyo hazina ya Virginia haikudaiwa chochote kwa wafanyakazi ambao hawakuajiriwa. Na kampasi ya Alexandria, ambayo haikufungwa kwenye ratiba ya Amazon, ilipokea wanafunzi katika jengo lake la kwanza mwanzoni mwa 2025.